Samaki wa Kusafisha

Asubuhi hiyo tango la samaki halikuguswa. Makokha, mpishi wa nyumba, aliinama kwenye tangi la kioo sebuleni, akawaona samaki watatu wamejibandika kiooni, midomo yao ya duara ikifyonza, fyo, fyo, na vindevu vya nyama vikichezacheza puani. Hakuwahi kuwapenda.

Mwenye nyumba wa kwanza, Dhanlaxmi, alifukuzwa Jinja, Uganda, pamoja na Wahindi wenzake mwaka 1972, akaacha nyumba, samaki na onyo. Mumewe aliwaagiza samaki hao kutoka Amerika Kusini waje wafyonze utando wa kijani kwenye kioo, kumbe mkubwa wao kaja na jini.

"Pa yeye tango tu," alimwambia Makokha. "Nyama hapana. Na usimwambie fanya kitu, atafanya."

Nyumba akapewa mwanajeshi, Afande Adrisi, ambaye kambini neno lake lilikuwa moja: safisha. Aliyesafishwa hakuonekana tena. Kipande cha Makokha, kitambulisho chake chenye jina na alama ya gumba, afande alikitia mfukoni mwa shati lake, mpishi asije akatorokea kwao Kenya. Siku moja kabla ya asubuhi ile ya tango, Makokha alipomweleza habari za jini, afande alicheka mpaka akakohoa, akatumbukiza ini bichi tangini.

"Kula," alisema. "Halafu safisha."

Mchana afande alisinzia kwenye kochi. Makokha, jikoni, akasikia fyo, fyo, si tangini tena, na harufu ya tope na ini lililooza ikapenya chini ya mlango, ikamganda kooni hadi akatapika kwenye karai, na bado sauti ile ikaendelea kufyonza, taratibu, kwa raha, kama mtoto anyonyavyo. Ilipokoma akaingia. Tangi lilikuwa tupu. Afande amekaa, ute unamchuruzika, uso hana: macho, pua, mdomo, vyote vimefutika, na kifua kinapanda na kushuka, sijui anapumulia wapi.

Makokha aliingiza mkono kwenye ute ule, akachomoa kipande chake mfukoni mwa afande, akakipangusa kwa gumba, akakitia mfukoni mwake, akakimbilia basi la Mbale ili avukie Kenya kwenye mpaka wa Lwakhakha.

Njiani, Busiu, kwenye kizuizi cha jeshi, askari alikifungua kipande. Jina halikuwamo. Alama ya kidole haikuwamo.

"Leta gumba."

Makokha akanyoosha gumba. Halikuwa na mstari hata mmoja, laini kama kijiko.

"Huyu hana jina, afande," askari alimwambia mkubwa wake.

Mkubwa huyo hakugeuka. "Safisha," alisema.

Mfukoni mwa Makokha kitu chenye majimaji kikajibu: fyo, fyo.