Taa ya Tundu la Sita

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Dada, siku ya nne baada ya kumzika Mjomba, watoto walipomuuliza kwa nini karakana ilifungwa. Aliisimulia mara moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuinuka kitini. Mdogo wake alikuwapo. Alimsahihisha mahali pawili, rangi ya taa na idadi ya karatasi, na masahihisho hayo yamefuatwa hapa.

Karakana ya uchapaji ilikuwa ya Mjomba. Walifanya kazi humo watu wanne. Mjomba alikaa ofisini. Mtambo wa kuchapa uliendeshwa na mzee mmoja aliyeitwa Wino, kwa sababu kucha zake hazikuwahi kutakata. Dada aliendesha mashine ya kukata karatasi. Mdogo wake, ambaye wote walimwita Bisibisi, alisanifu kurasa na kutengeneza kompyuta zilipokorofisha. Hao wawili walifiwa na mama yao Dada akiwa na miaka kumi na miwili na Bisibisi miwili, na Dada ndiye aliyemlea. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa na kovu pana lililong'aa kama nta. Alilipata siku alipodaka sufuria ya maji ya moto iliyokuwa ikimwangukia mdogo wake kichwani.

Kompyuta zilikuwa tano, na kila moja iliitwa kwa mahali pake: Ofisi, Usanifu, Mtambo, Kisu na Stoo. Nyaya zake tano ziliishia kwenye swichi moja, kisanduku cheusi cha matundu manane kilichopigiliwa ukutani, na kila tundu lilikuwa na taa yake ndogo ya kijani. Waya ukichomekwa, taa inapepesa. Usipochomekwa, taa imekufa.

Usiku wa kuamkia Jumatatu kompyuta zote zilijisasisha zenyewe. Asubuhi ziliwaka vizuri, lakini kila moja ilijiona peke yake. Dirisha la mtandao, ambalo siku zote lilionyesha tano, lilikuwa tupu.

"Jana zilikuwa zinasalimiana, leo zimenuniana," Wino alisema. "Kama wake wenza."

"Mpwa," Mjomba alimwambia Bisibisi, "majalada ya vitabu vya shule yako kwenye kompyuta yako, mtambo uko huku. Niyabebe kwa karai?"

"Subiri, Mjomba. Haraka haraka haina..."

"Usinimalizie methali. Tengeneza."

Bisibisi alikagua nyaya moja moja. Alizima swichi, akahesabu hadi thelathini, akaiwasha. Mwishowe aligundua kuwa sasisho lilikuwa limefunga ile huduma ambayo kwayo kompyuta huonana. Ilibidi aifungue kwenye kila moja kwa mkono. Kwenye nne za kwanza mashine iliuliza, "Unaruhusu kompyuta hii ionekane?" Alisoma, akabonyeza Ndiyo. Alipofika ya tano, ile ya stoo, Mjomba alikuwa akipiga kelele huku na Dada akiulizia vipimo kule. Swali la safari hii lilikuwa refu zaidi kidogo. Hakulimaliza. Alibonyeza Ndiyo, na ili asisumbuliwe, akaweka alama kwenye kile kisanduku cha chini: "Usiniulize tena."

Maneno kamili aliyakumbuka baadaye: Kifaa kingine kinaomba kuonekana. Ukikiruhusu, nacho kitakuona.

Aliporudi mezani kwake dirisha lilikuwa limejaa. Ofisi, Usanifu, Mtambo, Kisu, Stoo. Na ya sita. Ilikuwa picha ndogo ya skrini kama zile nyingine, ila chini yake, mahali pa jina, palikuwa patupu.

Bisibisi alikwenda kwenye swichi. Nyaya zilikuwa tano. Tundu la sita halikuwa na kitu, lakini taa yake ilikuwa ikipepesa, na haikuwa ya kijani. Ilikuwa na wekundu wa nyama mbichi. Hapo ndipo aliposikia harufu kwa mara ya kwanza, kama nywele zilizoungua juu ya chuma chenye maji.

"Kuna mtu kachoma kitu?" aliuliza.

"Labda subira ya Mjomba," Wino alijibu, na mtambo ukaanza kuchapa.

Hakuna aliyeuagiza. Ilitoka karatasi moja, na juu yake ulichorwa mkono wa mtu, kwa ukubwa wake halisi. Vistari vyembamba vya kukatia, kama vile vinavyowekwa kwenye pembe za ukurasa, vilipita katikati ya vidole viwili. Wino aliiinua kwenye mwanga. Ukucha wa dole gumba ulikuwa umepasuka katikati. Akaweka mkono wake juu ya ule mchoro, na ukaenea bila kuzidi wala kupungua.

"Nani kanichora?" alicheka. "Bora angechora uso, nipate mchumba."

"Ni karatasi ya majaribio tu, mzee wangu," Bisibisi alisema, ingawa hakuamini. "Itupe."

Wino hakuitupa. Aliikunja akaitia mfukoni, akaenda kwenye mashine ya kukata kuchukua rundo la majalada, kwani Dada alikuwa ametoka kunawa. Mashine hiyo ina vitufe viwili vilivyotengana, kimoja kushoto kimoja kulia, na kisu hakishuki mpaka vyote vibonyezwe pamoja, ili mikono yote miwili iwe nje. Hakuna aliyevigusa. Kisu kilishuka. Sauti yake haikuwa tofauti na siku nyingine, na ndiyo maana hakuna aliyegeuka, mpaka Wino alipoanza kusema, taratibu kabisa, "Jamani. Jamani. Jamani." Vidole viwili vilikuwa vimebaki upande wa pili, juu ya majalada ya buluu, vimekunjika kidogo kama vinavyomwita mtu.

Wino alifungwa kitambaa, akapelekwa hospitali na jirani mwenye gari. Dada aliosha meza. Bisibisi alitazama kompyuta ya Kisu kuona amri imetoka wapi. Saa ilikuwapo, vipimo vilikuwapo. Mahali pa jina la mtumaji palikuwa patupu.

Alichomoa nyaya zote tano. Taa tano zilikufa. Ya sita iliendelea. Alikwenda kwenye swichi kuu ya umeme akaishusha, feni zikapunguza mwendo zikasimama, chumba kikawa kimya, na katika ukimya huo mtambo uliokuwa hauna umeme ukachapa karatasi ya pili.

Hii ilikuwa na mdomo wa mtu mzima, wazi, wenye pengo juu kushoto kama la Mjomba. Vistari vya kukatia vilipita kwenye meno.

"Mjomba, twende nje," Dada alinong'ona. "Tutoke sote."

"Nitoke kwangu?" Mjomba alisema. "Nimechapa karatasi miaka thelathini, hakuna hata moja iliyowahi kunipiga." Akaichana vipande viwili.

Mlango wa mbele ulijifunga. Mfuniko wa chuma wa mtambo ulifyatuka kwenye bawaba zake ukampiga Mjomba mdomoni, akaanguka chali, na kabla Dada hajamfikia kitu kisichoonekana kilimshika ukosi kikamwinua kama mtu anavyoinua gunia lenye kitu kidogo ndani, kikampigiza uso kwenye ukingo wa meza, mara moja, mara mbili, mara tatu, bila haraka, kikisubiri kidogo kati ya pigo na pigo, na kila mara meno yaliruka yakalia sakafuni kama punje za mahindi. Kisha kikamwachia. Mjomba alilala pale akikoroma damu.

Dada alivuta mlango. Haukusogea. Alipiga kelele kupitia nondo za dirisha kumwita fundi wa makufuli wa upande wa pili wa barabara, mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kitasa. Alikuja na mkoba wake, akachungulia tundu la ufunguo, akaingiza kijiti. Wakamsikia akinusa. Kisha akakitoa kijiti.

"Binti," alisema kwa sauti ya chini kupitia tunduni, "kitasa hiki kizima. Anayekishikilia yuko humo ndani na nyinyi."

"Najua," Dada alisema, akilia. "Baba, tutoe."

"Watu wakisahau funguo huniita fundi. Kazi kama hii walimwita bibi yangu alipokuwa hai, naye alinifundisha. Sikilizeni. Huyo haingii mahali bila kukaribishwa. Nani kamkaribisha?"

"Hatujamkaribisha mtu."

"Nani kasema ndiyo?"

Bisibisi alisogea mlangoni. "Mimi. Kuliulizwa swali kwenye kompyuta, nikasema ndiyo. Sikulisoma lote."

"Mimi kompyuta sijui, ila milango naijua. Uliongeza neno lingine?"

"Nilimwambia asiniulize tena."

Nje gari moja lilipita.

"Ndiyo maana anafanya bila kuuliza," Fundi Kitasa alisema. "Basi swali sasa ni lako. Muulize anataka nini ili atoke. Na kumbuka hili, kijana: aliyesema ndiyo ndiye pekee mwenye kitu cha kumpa. Akitaka cha mwingine, mkatalie. Ukinyamaza, umekubali."

Bisibisi alirudi katikati ya chumba.

"Unataka nini ili utoke?" aliuliza.

Mtambo ulichapa karatasi ya tatu, na ya mwisho. Ilitoka polepole, ikianzia kwenye ncha za vidole. Ilikuwa mikono miwili iliyowekwa sambamba, mikono ya mwanamke, na kwenye kifundo cha kulia palikuwa na kovu pana, ambalo mtambo ulikuwa umeacha bila wino ili ling'ae. Vistari vya kukatia vilipita juu ya kovu.

Dada aliiona. Hakupiga kelele. Alificha mikono kwapani kama mtu anayesikia baridi, akasema, "Mdogo wangu," na hapo ndipo kilipomshika nywele, kikamwangusha na kumburuta kwa mgongo juu ya sakafu yenye damu ya Mjomba, visigino vyake vikipiga kila kilichokuwa njiani, viti, makopo ya wino, maboksi ya karatasi yaliyopasuka na kumwagika, na Bisibisi akajitupa akamshika miguu akiivuta kwa nguvu zake zote, lakini aliburutwa naye, wote wawili wakielekea kwenye mashine ambayo kisu chake kilikuwa tayari kimepanda juu bila umeme na kungojea, na ile harufu ya nywele sasa ilikuwa ya nywele kweli, kwa sababu pale Dada aliposhikwa palikuwa pakifuka moshi, na mikono yake ikachomolewa kwapani mmoja mmoja, kwa subira ileile, ikanyooshwa juu ya meza ya chuma, ikapangwa sambamba, na chuma cha kubania karatasi kikaanza kushuka juu yake.

"Hapana!" Bisibisi alipiga kelele. "Si yangu hiyo! Aliyesema ndiyo ni mimi. Mimi ndiye niliyekuruhusu. Nakukatalia hiyo!"

Chuma kilisimama, unene wa jalada moja tu juu ya kovu.

Alielewa kuwa kinangoja. Aliachia miguu ya Dada akasimama. Dada anasema alimtazama usoni na kumwona kama alivyokuwa na miaka miwili, kabla ya sufuria kuanguka. Alimwambia, "Usithubutu. Nasema usithubutu, wewe." Aliyasema kama mama anavyosema. Bisibisi akasukuma mikono ya Dada nje kwa bega lake, akaweka wa kwake wa kulia.

Kisu kilishuka.

Hakuzimia. Kwanza alisikia mlango ukifunguka na Fundi Kitasa akiingia mbio, akivua mkanda wake ili amfunge mkono. Kisha aliona skrini ya Kisu, iliyokuwa imezimwa, ikiwaka na maneno: "Kifaa hiki kinaomba kutoka. Unaruhusu?" Chini yake palikuwa na kile kisanduku cha "Usiniulize tena". Safari hii alisoma kila neno, damu ikichuruzika, Fundi akimkemea aketi. Kisanduku hakukigusa. Alibonyeza Ndiyo kwa mkono wa kushoto. Ukutani, taa ya tundu la sita ilizimika.

"Safari hii umemwambia asikuulize tena?" Fundi Kitasa aliuliza.

"Sijamwambia."

"Umefanya vizuri. Sasa ni lazima aulize." Akakaza mkanda. "Lakini ujue, atauliza."

Ameuliza. Kila kompyuta iliyowahi kununuliwa na mtu wa ukoo huu huuliza baada ya kila sasisho, nyumbani na kazini: Kifaa kingine kinaomba kuonekana. Unaruhusu? Fundi mwingine akiitwa kutazama, halioni swali. Hutuonekania sisi tu. Tunasoma mpaka mwisho, tunabonyeza Hapana, tunasubiri lile lijalo. Watoto wetu, kabla ya kufundishwa kusoma majina yao, hufundishwa kulisoma neno hilo moja, na mjukuu wa mwisho wa Dada, mwenye miaka minne, alilisoma mwenyewe Jumanne iliyopita.

Wino alifariki kwa uzee, na vidole vinane. Mjomba alifariki miaka kumi na moja baada ya siku ile, na hakula tena kitu kigumu. Fundi Kitasa amefariki. Dada yu hai, na mikono yake yote miwili. Bisibisi yu hai, huandika kwa kushoto. Anayeuliza naye yu hai.