Fundi Aliyenyimwa Mjukuu

Kila asubuhi fundi cherehani alifungua dirisha la chumba cha mbele, akaipangusa mashine yake na kuitia tone la mafuta. Kisha alitundika barakoa kwenye kamba iliyopita mlangoni. Za bluu, za maua, za mistari. Tangu maradhi ya kuambukiza yaenee, watu hawakuleta tena vitambaa vya sherehe. Walitaka barakoa. Naye fundi alizishona vizuri, kwa pamba, tabaka juu ya tabaka.

"Mtaa mzima unapumulia kazi ya mikono hii," alipenda kumwambia mkewe.

"Basi ipake mafuta mikono yenyewe," mkewe alimjibu. "Imepasuka kama udongo wa kiangazi."

"Mafuta? Nikitia doa kitambaa cha mtu, utakilipa wewe?"

Kweli mikono ilikuwa na hali mbaya. Fundi aliinawa mara nyingi, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini aliinawa kwa sabuni ya unga ya kufulia. Ngozi ya vidole ilichanika, hata nyuzi laini zikawa zinanasa humo. Mfukoni alibeba kichupa cha maji ya bluu alichouziwa stendi. Mchuuzi alimwapia kuwa ni kitakasa mikono.

Siku moja gari lilisimama mbele ya nyumba. Binti yake alikuwa ametoka hospitali na mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa fundi. Alikuja kukaa kwa wazazi wake mpaka apate nguvu. Fundi alikuwa katikati ya kazi. Pini zilikuwa midomoni, uzi mkononi, na barakoa yake imeshuka kidevuni. Alizitema pini kiganjani, akatoka mbio mikono mbele.

"Mlete! Mlete mzee mwenzangu nimwone!"

Binti akarudi nyuma, akamfunika mtoto kwa shuka.

"Shikamoo, baba. Lakini hapana. Bado."

"Bado nini?"

"Bado kumshika. Barakoa iko kidevuni. Pini umezitoa mdomoni sasa hivi. Na hiyo mikono, baba..."

Fundi akamgeukia mkewe, akidhani atacheka. Mkewe hakucheka.

"Yaani mimi!" sauti ya fundi ikapanda. "Mimi niliyekulea kwa sindano hii, leo ni mchafu?"

"Sijasema mchafu, baba. Mtoto ni mchanga mno."

"Mimi ndiye ninayewashonea watu barakoa! Mimi! Leo nafundishwa barakoa na mtoto niliyemfunga nepi!"

"Nepi nilimfunga mimi," mkewe akasema.

Binti akaingia chumbani, mlango ukafungwa. Fundi alirudi kwenye mashine amefura. Alikanyaga pedali kama mtu anayekanyaga nyoka. Nyuma ya mlango mjukuu alilia kwa kisauti chembamba. Kila kilio kilimchoma fundi. Damu yake mwenyewe iko hatua chache tu, naye amezuiwa kama mgeni!

Hapo akaingia jirani yao, mkunga wa zahanati, aliyekuja kuchukua barakoa zake.

"Umekuja wakati wake, dada," fundi akasema. "Keti uamue kesi. Nimenyimwa mjukuu."

Akaeleza yote, mkono ukipigapiga meza. Huku akieleza alishusha barakoa, akalamba ncha ya uzi, akaipitisha kwenye tundu la sindano, kisha akaendelea kulalamika. Mlangoni mwanamke muuza mboga alichukua barakoa ya maua kwenye kamba. Akaivaa, akajitazama kwenye kioo, akaona haimfai. Akaivua, akaitundika tena palepale, akaenda zake.

"Umemaliza?" mkunga akauliza.

"Nimemaliza. Sema haki."

"Haki ni hii. Mimi nisingekupa hata paka wangu."

Fundi akasimama. "Dada, heshima!"

"Heshima ipo. Sasa nisikilize, maana hasira hata mimi ninazo. Kutwa nzima nazalisha akina mama wanaokohoa. Nimemwona mmoja akimtazama mwanawe kupitia kioo, hawezi kumgusa. Halafu narudi mtaani kwangu nakuta barakoa zinajaribiwa kama kofia! Uso huu unavua, uso ule unavaa! Na kabla ya hapo zimekwisha kupita mdomoni mwa fundi!"

"Mdomoni mwangu? Lini?"

"Huo uzi umeulamba lini?"

Fundi akautazama uzi. Alikuwa akilamba uzi tangu alipoanza kujifunza kazi. Aliyemfundisha naye alilamba. Alikuwa hajui tena kama analamba, kama mtu asivyojua kama anapepesa macho.

"Lakini siumwi," akasema, sauti imepungua kidogo.

"Mtu anaweza kuwa na maradhi haya bila homa wala kikohozi. Yanatoka kwenye mate na pumzi. Barakoa ifunike pua na mdomo na ishike kidevu. Ukiishusha kila unapotunga uzi, ni sawa na kubeba mwavuli uliokunjwa mvuani."

"Na mikono? Naisugua mpaka inatoka damu!"

"Ndilo kosa. Sabuni ya unga ni ya nguo. Nunua sabuni ya kuogea. Sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha. Hesabu polepole hadi ishirini, suuza, ukaushe. Kisha paka losheni isiyo na manukato makali. Ngozi iliyopasuka inauma ukinawa. Mwisho wake utaacha kunawa. Tena nyufa hizo ni njia ya vijidudu."

"Na madoa je? Sikubali!"

"Paka kidogo, sugua mpaka iingie, jifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kushika kazi. Ukienda kulala paka nyingi. Au huwa unashona usingizini?"

Fundi akatoa kichupa chake kwa kiburi. "Hata hivyo, hiki ninacho."

Mkunga akajimiminia kiganjani. Yalinukia peremende. Alisugua, akasugua tena, lakini hayakukauka. Mikono ikanata.

"Hakina lebo," akasema. "Kitakasa mikono kiwe na alkoholi asilimia sitini au zaidi, na iandikwe kwenye chupa. Hiki sikiamini hata kidogo. Naona ni maji ya rangi."

"Mwizi!" fundi akapiga meza, mkasi ukaruka. "Alinitazama machoni! Aliniita mzee wangu! Nimewapa mikono watu wangapi nikidhani niko salama? Huyu haibi fedha tu, anaiba uhai wa watu!"

"Hasira hiyo ndiyo ya haki. Kipeleke kichupa kwa bwana afya, umwonyeshe alipo mchuuzi. Na ukipata kitakasa cha kweli, kiache kikauke kabisa kabla hujaishika hiyo pasi ya mkaa. Kinashika moto. Usikiache mahali mtoto anapoweza kukifikia. Hebu nikuonyeshe changu."

Akafungua mkoba. Chupa ilikuwa chini kabisa. Juu yake barakoa yake ya akiba ilijikunja katikati ya funguo, sarafu na kitana. Fundi aliona yote.

"Simama hapo hapo! Hiyo ndiyo barakoa ya mkunga?"

"Ni safi. Nimeifua jana."

"Ilikuwa safi! Leo imelala na funguo, na kitana kimeichana!"

Mke wa fundi akacheka mpaka akashika mlango. Mkunga naye akacheka.

"Hapo umenikamata, fundi."

"Nipe nafasi," fundi akasema. Alipandisha barakoa yake juu ya pua, akanawa, akavuta kapu la vipande vilivyobaki. Akakata, akakunja, akashona. Kilichotoka kilikuwa mkoba mdogo wa kitambaa, unaofulika. Upande wa bitana nyeupe ulikuwa wa barakoa safi. Upande wa bitana nyeusi ulikuwa wa iliyokwisha kutumika, mpaka ifuliwe. Mbele palikuwa na mifuko miwili midogo, mmoja wa kitakasa, mwingine wa losheni.

"Sasa beba vitu kama mtu aliyesoma," akamwambia mkunga.

Tangu siku hiyo karakana ilibadilika. Sponji yenye maji ilikaa kwenye kisahani, na uzi ukaloweshwa hapo. Pini zilihamia kwenye kitakia kilichofungwa mkononi kama saa. Barakoa zilifuliwa, zikapigwa pasi, zikafungwa moja moja. Mteja alijipima mwenyewe kwa utepe, toka juu ya pua mpaka chini ya kidevu. Aliyetaka kujaribu alionyeshwa kibao: BARAKOA HAIJARIBIWI. Na kichupa cha bluu kilifika kwa bwana afya, kimebebwa na fundi mwenyewe, akilalamika njia nzima.

Taratibu nyufa za vidole zikafunga. Nyuzi hazikunasa tena. Asubuhi moja mlango wa chumba ukafunguliwa.

"Baba," binti akaita, "umenawa?"

"Nimenawa, nimekausha, nimepaka. Barakoa hii hapa, juu ya pua. Kuna mtihani mwingine?"

"Hakuna. Keti. Mpokee."

Fundi akaketi karibu na dirisha lililo wazi, akampokea. Hakumbusu. Alimtazama tu. Mtoto, usingizini, alikishika kidole cha babu yake, kilekile kilichokuwa kinanasa nyuzi. Macho yalimlowa fundi.

Kinyozi wa jirani akachungulia dirishani, barakoa kidevuni, meno yote nje.

"Hongera, babu! Hebu msogeze nimbusu kidogo!"

"Rudi nyuma!" fundi akanguruma. "Pandisha hiyo barakoa! Kidevu chako kinaumwa nini hata ukifunike?"

"Baba," binti akanong'ona, "utamwamsha mtoto."

"Acha aamke," fundi akasema, akimkumbatia vizuri zaidi. "Hili alisikie mapema."