Ukuta Ulioshindwa na Saruji

Fundi mwashi hana likizo. Hata akisafiri kumsalimia mama mkwe, mwiko wake hulala begini, katikati ya nguo za watoto. Mkewe alikwishachoka kulalamika.

Nyuma ya nyumba ya mama mkwe kuna magofu ya kale. Ukuta mmoja mrefu umesimama kando ya njia ya wanafunzi. Mwaka jana Fundi aliuona una ufa. Akauziba kwa saruji, bure, bila kuombwa. Alipongezwa hadi akavimba kichwa.

Safari hii, alipofika tu, alimchukua mkewe wakaangalie kazi yake. Saruji ilikuwa nzima. Lakini mawe ya pembeni yalikuwa yakimomonyoka, na ufa mpya ulikuwa mpana kuliko wa kwanza.

"Nani kauchokoa?" Fundi aling'aka.

Mlinzi wa magofu, mama wa makamo, aliacha kufagia majani.

"Hakuna aliyeugusa, shemeji. Ni saruji yako."

"Saruji yangu? Mbona nyumba zangu zote zimesimama?"

"Nyumba zako ni za saruji. Huu ulijengwa kwa mawe na chokaa. Mvua ikinyesha, ukuta hunywa maji. Jua likiwaka, huyatoa kupitia chokaa. Wewe umeufunga mdomo. Maji yamebaki ndani, yanakula mawe."

Fundi aliona aibu, na aibu ikageuka hasira.

"Kwani ukuta ni wa nani? Si wa serikali? Waje watengeneze wao!"

"Ni wa serikali," mlinzi alisema. "Lakini ukianguka, hautaiangukia serikali."

Wakati huo wanafunzi walikuwa wakipita chini ya ukuta, wakisukumana na kucheka. Mke wa Fundi aliwaita wapite mbali.

"Baba watoto," alisema, "acha ubishi. Tufanye nini, dada?"

"Tufunge njia sasa hivi. Halafu tupige simu idara ya mambo ya kale. Mimi nimeripoti ufa, lakini sijui saruji imeingia ndani kiasi gani. Yeye anajua. Aseme mwenyewe."

"Si ningebomoa tu nianze upya?" Fundi aliuliza.

"Hapana. Usiguse kabla mtaalamu hajaona. Wao wana ujuzi, sisi tuna mikono. Upande mmoja peke yake hauwezi."

Walifunga njia kwa miti na kamba. Kisha Fundi alipiga simu, akaeleza yote. Haikuwa rahisi.

Mtaalamu alikuja wiki hiyo hiyo. Alimwonyesha Fundi jinsi ya kuitoa saruji polepole kwa patasi ndogo, na jinsi ya kuchanganya chokaa na mchanga. Chokaa haitaki haraka. Waliifunika kwa magunia yenye maji ili isikauke ghafla. Fundi akaongeza siku za kukaa.

"Mkwe wangu," mama mkwe alimtania, "ulikuja kunisalimia mimi au kuoa ukuta?"

Mvua zilipokwisha, mlinzi alimpigia Fundi simu. Ukuta ulikuwa imara, na njia ilikuwa imefunguliwa.

"Ila kuna ufa mwingine, upande wa nyuma," alisema.

"Msiuguse! Umewaambia idara?"

"Nimewaambia. Wanakuja Jumatatu."

"Basi mimi nitafika Jumapili," Fundi alisema.