Mwali wa Miaka Sita

Ilikuwa Jumatano, tarehe 12 Machi 2025. Ukungu ulikuwa umelala juu ya milima ya Uluguru tangu alfajiri, na manyunyu yalianguka mashambani bila haraka. Chini, upande wa Bigwa, jua lilikuwa limeshatoka. Huku juu watu walikuwa bado wamejitanda khanga.

Catherine alichutama kwenye mfereji akiosha karoti za kupeleka sokoni. Mgongoni alilala Gabrieli, mwanawe wa miezi tisa. Pembeni alikaa Modesta, binti yake wa kwanza, mwenye miaka sita. Modesta alizipanga karoti juu ya jani la mgomba, ndogo hadi kubwa, mstari umenyooka kama uzi. Hakusema neno. Modesta hakuwa akisema. Aliimba kwa pua, wimbo wake ule ule, na mstari ukimpendeza alipunga mikono kwa furaha.

Kikohozi kilisikika njiani. Catherine akainuka upesi, akamshika binti yake mkono.

"Ingia ndani, mama. Ingia."

Modesta alipiga kelele, maana mstari ulikuwa haujaisha. Catherine akamwingiza, akafunga mlango kwa nje. Hiyo ilikuwa amri ya ukoo. Mgeni akija, Modesta afichwe.

Aliyekuja alikuwa Asia, jirani muuza ndizi.

"Mama Gabrieli, hodi. Nasikia sauti huko ndani. Mwali wako bado hujamtoa?"

Akacheka. Kwa Waluguru, msichana aliyevunja ungo huwekwa ndani na kufundwa, kisha hutolewa nje kwa ngoma na vigelegele. Huyo ndiye mwali. Modesta alikuwa na miaka sita, na hakuna aliyekuwa akimfunda lolote. Huo ulikuwa utani wa majirani. Catherine aliumeza mara nyingi, na kila ukishuka ulimkwaruza.

Na hilo jina. Mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Catherine alikuwa mama Modesta mpaka siku aliyozaliwa Gabrieli. Tangu siku hiyo watu wote wakamwita mama Gabrieli, kama vile huyu wa kwanza amekufa.

"Nimepita kukwambia jambo," Asia aliendelea. "Surua iko kitongoji cha chini. Watoto wamelala, macho mekundu, vipele mwili mzima. Huyo wa mgongoni umeshamchanja?"

"Bado."

"Unangoja nini, mwenzangu?"

"Kaka Lukasi amekataa."

Asia alielewa. Huku mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na msemaji wake ni mjomba. Agustino, baba wa watoto hao, alikuwa Dakawa kwenye mashamba ya mpunga. Kila alipoulizwa kwa simu alijibu, "Muulizeni mjomba wao. Mimi mkwe tu."

Asia alipoondoka, hata kabla ya kufungua mlango, Catherine alikwenda kwa kaka yake, nyumba ya jirani. Lukasi akatoka naye, wakarudi wakizungumza mpaka mbele ya mlango uliofungwa.

"Kaka, surua imefika. Leo ni siku ya kliniki. Nataka kumpeleka Gabrieli."

Lukasi akatoa simu mfukoni. "Nikuwekee tena ile sauti?"

Ilikuwa sauti ya mtu asiyejulikana, imezunguka kwenye magrupu ya simu. Ilidai kwamba sindano ya surua huharibu akili za watoto.

"Nimeshaisikia, kaka."

"Basi. Modesta alikuwa anasema mama, anasema maji. Akachomwa ile sindano ya mwaka na nusu, maneno yakakauka. Niliona kwa macho yangu. Surua ni nini? Mtoto anapona. Asipopona mnazika, mnalia, yanaisha. Hili la Modesta haliishi. Bora surua."

Ndani, Modesta alikuwa akigonga ubao wa mlango kwa kidole. Taratibu, kwa mapigo ya wimbo wake.

"Rudia, kaka," Catherine alisema.

"Nirudie nini?"

"Hilo la mwisho. Umesema bora Gabrieli afe kuliko awe kama dada yake. Na dada yake yuko nyuma ya huu mlango. Hasemi, lakini si kiziwi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo. Na mimi nafunga mlango huu kwa mkono wangu, kama mtu anayekubaliana na wewe."

Alifumba macho, akaomba kimoyomoyo. Ee Mungu, kama nimekosea, nisahihishe. Kama sijakosea, nipe sauti. Kisha akafungua mlango, akamshika Modesta mkono, akashuka naye njia kuu, mchana, watu wote wakiona.

"Ukoo utakuuliza," Lukasi alimwambia kwa nyuma.

"Uniulize. Nitakuwa na la kujibu."

Zahanati ilikuwa imejaa. Walipokaa kwenye benchi, mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake mapajani. "Kaa huku, asije akakuambukiza."

Nesi Shadya alisikia. Alikuwa mwenyeji wa Mafiga, huko mjini, mwanamke wa maneno machache, ila siku hiyo hakunyamaza.

"Mama, aliyonayo binti huyu hayaambukizi. Surua ndiyo inaambukiza, na hapo ulipokaa pengine imeshakaa. Wapishe wenzako."

Kisha akachuchumaa mbele ya Modesta. Hakumshika. Alimwonyesha vikopo vitupu vya dawa, akaviweka chini, akaacha. Modesta akaanza kuvipanga.

"Ameanza lini kuwa hivi, mama Gabrieli?"

"Mimi ni mama Modesta," Catherine alisema, na machozi yakamtoka. "Alichomwa sindano ya pili ya surua, maneno yakapotea. Nesi, niambie kweli. Je, ni mimi niliyemharibu kwa kumleta hapa?"

Shadya alikaa chini kabisa, sakafuni.

"Hukumharibu. Daktari ndiye atakayepima na kuthibitisha, nami nitakuelekeza kwake. Lakini ninayoyaona nayajua. Mdogo wangu Abdulmajid anayo, na sasa ni mtu mzima. Yanaitwa usonji. Ubongo wa mtoto hujengeka kwa namna yake, na huanza hukohuko tumboni. Mara nyingi hutokana na damu ya familia, kama urefu au rangi. Si uchawi. Si dhambi ya mama. Na si chanjo."

"Mbona yalikuja pamoja?"

"Umri ule, ulipomchanja, nini kingine kilitokea nyumbani kwako?"

Catherine alifikiri. "Nilimwachisha ziwa. Tulivuna maharage. Tukaezeka bati."

"Mbona hamkuyashtaki maharage?"

Catherine alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mtoto huanza kusema katika umri huo," Shadya alisema. "Kwa hiyo ndipo watu huona kwamba hasemi, au ameacha maneno aliyokuwa nayo. Na chanjo ya pili nayo hutolewa umri huohuo. Mambo mawili yamekutana njiani, hayakuzaana. Lakini usiniamini kwa sababu ya mdogo wangu. Mtu mmoja si ushahidi. Wataalamu wa nchi nyingi waliwafuatilia watoto maelfu kwa maelfu, waliochanjwa na wasiochanjwa. Usonji haukuonekana zaidi kwa waliochanjwa."

"Basi maneno haya yalitoka wapi?"

"Yalipata nguvu kwa daktari mmoja wa ng'ambo. Aliandika habari za watoto wachache tu. Baadaye ikagundulika amepotosha. Maandishi yake yakafutwa, akanyang'anywa kibali cha udaktari. Lakini uongo wake bado unatembea kwenye simu."

Hasira ilimpanda Catherine. Mtu asiyemjua, nchi asiyoijua, alisema uongo. Na uongo huo ukapanda milima mpaka kwake, ukamfungia binti yake ndani.

"Mchanje," alisema, akamfungua Gabrieli mgongoni.

"Anaweza kupata homa kidogo. Itapita. Na umrudishe kwa ile ya pili, kinga ikamilike. Huyu Modesta naye anahitaji kufundishwa. Usonji hauna dawa ya kuufuta, lakini mtoto hujifunza, kwa picha, kwa ratiba isiyobadilikabadilika, kwa utulivu. Iko shule huku chini yenye darasa la watoto kama yeye. Kumfungia kunamnyima hayo yote."

Gabrieli alipata homa usiku mmoja, kisha akaamka akidai uji. Lukasi alipita uani bila kusalimia.

Surua ilipanda mlima. Iliingia nyumba ya Grace, mdogo wao Catherine na Lukasi, ambaye alimtii kaka yake na hakumchanja mwanawe. Mtoto wa Grace alipata vipele, kisha nimonia. Alilazwa hospitali mjini, akihema kama anayepanda mlima amelala. Lukasi ndiye aliyembeba mpaka barabarani. Ndiye aliyekaa naye. Mtoto alipona, kwa rehema za Mungu, lakini Lukasi alirudi amekonda.

Jumatatu ya Pasaka ukoo ulikutana uani kwa Bibi Esther, mama yao. Vijana walikuwa na ngoma zao za sikukuu. Catherine alimleta Modesta mbele ya watu. Modesta akatoa karoti alizokuja nazo, akaanza kuzipanga.

"Naambiwa nimeuvunja ukoo," Catherine alisema. "Sawa, niulizeni. Lakini kwanza nami nauliza. Nani alisema binti yangu awe kitisho? Kila mama akitaka kuchanja, anaonyeshwa Modesta. Mnamtumia kama sanamu ya kutishia ndege shambani. Ni mtu. Ana jina. Amebatizwa jina hilo mbele yenu."

Bibi Esther akajikohoza.

"Umetaja ubatizo. Mimi nakumbuka. Alikuwa wa miezi sita, na sindano ya surua hata ya kwanza alikuwa bado. Tulimwita, hakugeuka. Nikagonga sufuria, akageuka. Kwa hiyo masikio alikuwa nayo. Kanisani alitazama mshumaa tu. Lukasi, wewe ndiye uliyempakata. Ulisemaje?"

Lukasi alitazama chini.

"Sema, baba."

"Nilisema, mtoto huyu hanitazami usoni."

"Basi. Ulisema kabla ya sindano. Ukasahau, ukaja kuamini simu."

Kijana mmoja, asiyejua la kufanya, alipiga ngoma mara moja. Modesta aliziba masikio, akajikunja. Lukasi akamwinulia mkono kijana yule. "Acha. Inamuumiza."

Akasimama. Hakumsogelea Modesta kwa ghafla. Alichuchumaa mbali kidogo, akaokota karoti iliyokuwa imebingirika, akaiweka mwisho wa mstari. Ilikuwa pahali pake hasa. Modesta akapunga mikono.

"Dada," Lukasi alisema. "Mama Modesta."

Catherine akamgeukia.

Lukasi aliinuka, akawageukia watu wote, akavua kofia. "Mama yangu anasikia. Ukoo unasikia. Mungu anasikia. Mtoto yeyote wa ukoo huu atapelekwa chanjo, na atakayetaka kukataa asitaje jina la Modesta. Kesho asubuhi nitashuka naye mimi na mama yake mpaka kwenye ile shule, nimwombee nafasi kwa mdomo wangu. Na mlango ule hautafungwa tena kwa nje. Mwali wetu leo ametoka. Ngoma hatumpigii, kwa sababu hazipendi. Lakini ametoka, na mimi mjomba wake ndiye ninayemtoa."