Kioo Alichokiosha Celina

Kwanza ilikuwa harufu. Duka la Celina, pale Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, liliuza chumvi, viberiti na maandazi, lakini mchana ule lilinuka beberu aliyelowa. Akainama chini ya meza, akanusa magunia, akakosa. Akawasingizia majirani, akaendelea na kazi. Masikini majirani, wamekosa nini?

Jana yake alikuwa ameosha kioo. Ulikuwa mwaka ule wa foleni za unga. Kioo cha kabati la maandazi kikivunjika ndiyo basi tena, huna pa kununua kingine. Cha kwake kikavunjika. Kumbe chumba cha nyuma, juu ya kitanda, ilining'inia picha waliyoikuta walipohamia: picha ya chapa, ya rangi, mistari yake imechimbwa kwanza kwenye bamba la shaba. Ilionyesha mwanamke amelala, madude manne yamemzunguka, moja lina pembe na meno ya mbwa. Kioo chake kizima! Upande wa ndani kilijaa mistari ya manjano. Celina, mtu wa Kibosho, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, akaona uchafu. Akakisugua kwa sabuni na majivu mpaka kikang'aa, akakipachika kwenye kabati. Jirani yeyote Mwislamu angemwambia kwamba lile lilikuwa kombe, maneno ya Mungu yaliyoandikwa kwa zafarani. Hakuuliza.

Sasa binti yake, Severa, wa miaka sita, alikuwa amelala mchana chini ya picha ile.

"Severa! Amka ule, mama."

Mtoto hakuamka. Celina akamtikisa, akammwagia maji, akampiga kofi. Macho yamefumba, kifua kimebonyea kama kimekaliwa, na pale shingoni, mama mtu anatazama, ngozi ikatoboka yenyewe, tundu moja, la pili, damu ikatiririka mpaka kwenye mto. Akainua macho ukutani. Mwanamke hayupo! Kitandani pale pichani alilala mtoto mwenye gauni la Severa, na lile dude la pembe limemkalia kifuani, limezamisha meno shingoni.

Ukunga alioupiga ulimleta mumewe, Melkiori, na nyuma yake Bi Mauza, aliyekuwa na nyumba ile kabla haijataifishwa, na ambaye sasa alipanga chumba ng'ambo ya barabara.

"Bibi, shikamoo, nisaidie, mwanangu anakufa!"

"Kioo kiko wapi?" Bi Mauza hata hakuitikia.

"Nimekiosha."

"Umekiosha! Si niliwaambia msiiguse, mkanicheka?" Akanyoosha mkono. "Kileteni. Nina zafarani chumbani. Na mnisikie: picha isiguswe, atakachofanyiwa aliyemo humo kitampata huyu hapa. Wala asifumbe macho mtu mwingine mbele yake. Dude likimwachia mmoja, linamtafuta mwingine."

Akaenda, akarudi na kikombe na kalamu ya mwanzi, akapiga magoti akaanza kuandika kwenye kioo alichokichomoa Celina kabatini, midomo ikinong'ona. Lakini Severa alikohoa damu, na Melkiori, baba gani angevumilia, akachomoa panga uvunguni.

"Baba Severa, acha! Umesikia alivyosema!"

"Linamla mwanangu nakaa kutazama?"

Akalikata dude kwa hasira zote za Mchagga aliyeguswa mtoto. Karatasi ikachanika, na kitandani bega la Severa likafunguka mpaka mfupa ukaonekana. Yeye alikodolea picha tu, mtoto hakumwona, alikuwa anatukana Kichagga huku akiinua panga tena, na Celina aliyaona yote mawili, panga linapanda na shingo ya mwanawe ndipo litakaposhukia, akanyakua mchi wa kinu, akampiga mumewe kichwani kwa nguvu zake zote. Melkiori akaanguka kimya.

"Tayari!" Bi Mauza akakibana kioo kwenye fremu.

Severa akavuta pumzi kubwa, akafumbua macho, akalia. Celina akamkumbatia, akamfunga bega kwa kanga, akalia naye kwa furaha.

"Mumeo amefumba macho," Bi Mauza alisema taratibu.

"Amezimia tu, bibi. Ataamka."

"Alizimia kabla sijafunga au baada?"

Celina aligeukia ukutani. Alitazama pichani. Madude yalikuwa matatu, lile la pembe halipo, na katikati yao mwanamume mwenye shati la Melkiori alikuwa wima kitandani, anapiga kioo kwa ngumi kutoka ndani.

"Mama," Severa akanong'ona, "baba ananiita kule."

Nyuma yao yule aliyelala sakafuni alikuwa ameinuka. Alijifuta damu usoni, akalamba vidole kimoja baada ya kingine, akaokota panga, akasimama mlangoni.

"Mama Severa," alisema kwa sauti ileile ya mumewe, kwa upole kabisa, "nenda kafunge duka."