Soksi Ndefu za Rahel

Kila alfajiri Rahel alikimbia kutoka kijijini kwao Ganako hadi shuleni, mfuko wa daftari ukiwa umefungwa kwa kanga mgongoni. Darasa la saba lote hakuna aliyemfikia, na jina lake lilishaandikwa kwenda mashindano ya wilaya. Ila tangu mavuno ya maharage alivaa soksi ndefu, hata jua likiwaka.

Jumamosi moja, akiosha vyombo, soksi ikashuka. Mama yake, Bernadina, akaona nundu chini ya goti, kubwa kama yai, ngozi inang'aa.

"Hiyo nini?"

"Misuli, mama. Babu Tluway ananichua kila jioni kwa mafuta ya kondoo. Anasema mguu wa mkimbiaji usipouma haujakomaa."

Mama alitupa mwiko. Akamvuta mkono mpaka kwa huyo Tluway, jirani yao, mzee aliyekuwa mkimbiaji ujanani. Alikuwa ameketi na kopo lake la mafuta.

"Shikamoo yako utaipata siku nyingine, mzee. Miezi miwili unamkanda mwanangu kama unga wa chapati?"

"Bernadina, punguza moto. Hata mimi nilichuliwa hivyo, nikakimbia mpaka Mbulu." Kisha akamgeukia Rahel. "Huwa panakuuma hata ukiwa umelala?"

Rahel akaitikia kwa kichwa.

"Hukuniambia, mjukuu wangu."

"Na wewe hukumuuliza," mama alisema, akaita bodaboda.

Njia nzima alifoka. Mbio gani hizo za kukimbia kwa mguu mmoja? Mtoto gani anamficha mama yake ugonjwa?

Rahel alivumilia, mwisho hasira ikampanda naye. "Sikukuficha. Nilikuambia siku ile tunapiga maharage. Ukasema nakwepa kazi."

Mama akamhimiza dereva aongeze mwendo mpaka hospitalini.

Daktari aliubonyeza mguu taratibu. "Uvimbe unaouma na usiopungua, mimi siupi jina kwa macho. Labda aligongwa, damu ikaganda. Labda ni usaha ndani ya mfupa. Labda mfupa umeota nundu isiyo na madhara, na labda ni saratani. Picha na vipimo ndivyo vitasema. Ila kuchua, basi. Kunaweza kuzidisha ubaya."

Siku zile za kusubiri majibu, mama hakula vizuri. Ikawa ni usaha ndani ya mfupa. Rahel alipasuliwa, akachomwa sindano wiki nyingi. Mashindano yakapita yeye akiwa kitandani, akalia kwa uchungu, lakini mguu ukapona.

Mzee Tluway alikuja kumjulia hali, mikono mitupu, bila kopo. Mama akamwamkia.

"Wote tumekosa," akasema. "Wewe ulichua usichokijua. Rahel aliyafunika maumivu kwa soksi. Na mimi niliambiwa, nikajali maharage. Mtoto akisema panamuuma, mtu mzima aweke kazi chini atazame. Na wewe Rahel, nisipokusikia mara ya kwanza, niambie tena. Nikikasirika, niambie nikiwa nimekasirika hivyo hivyo."