Glasi Iliyopinduliwa Mezani kwa Lavonne

Mambo yaliharibika Ijumaa ya tarehe 21 Februari, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, Verlyn Kubiak alipoiona pikapu ya kijani ya Delmar Prochnow ikitoka kinyumenyume uani kwa Lavonne.

Delmar alimpungia mkono. Tena kwa tabasamu.

Verlyn hakupunga. Alikuwa na ndoo ya aiskrimu ya vanila pembeni yake, na mikono yote miwili ameikaza kwenye usukani kama anaunyonga. Kati ya wanaume wote wa Wisconsin, huyu! Delmar Prochnow, nyapara wa kiwanda cha karatasi, aliyemkabidhi barua ya kuachishwa kazi baada ya miaka thelathini na moja, tena wiki ileile mkewe Darlene alipokuwa amelazwa. Wakubwa walikaa Chicago kwenye viti vyao vya ngozi wakaamua nani ale na nani asile. Delmar ndiye aliyewaletea watu karatasi mkononi. Miaka minne sasa Darlene yuko kaburini, na leo Delmar anatoka kwa mwanamke wa Verlyn huku anacheka.

Aliingia kwa mlango wa jikoni bila kugonga.

"Umewahi," Lavonne alisema. Alikuwa amevaa aproni, mashavu mekundu kwa joto la jiko. "Nilikwambia saa kumi na mbili. Samaki hata hawajaingia mafutani."

"Nimewahi, eh? Mimi naona nimechelewa."

"Vua buti, bwana, nimepiga deki sasa hivi."

Hakuvua. Macho yake yalikuwa yameshafika kwenye sinki. Glasi mbili ndefu, povu la kahawia limekaukia kwenye kingo, na vijiko viwili virefu. Kile kinywaji chao! Brandi, soda ya mizizi, aiskrimu inaelea juu. Miezi minane, kila Ijumaa baada ya samaki, Lavonne alimtengenezea yeye. Yeye peke yake, ndivyo alivyodhani.

Halafu akaona meza. Mbele ya kiti chake, kile cha karibu na jiko, kulikuwa na kiglasi cha toti kimepinduliwa, mdomo chini.

Kwingine mtu angesema kinakaushwa maji. Lakini katika mji ule hata mtoto anajua. Ukiwa baa, glasi yako bado imejaa, na mtu akakununulia nyingine, mwenye baa anakuwekea mbele yako kiglasi kilichopinduliwa. Maana yake kaa hapohapo, chako kimeshalipiwa.

"Nani amepindua hiki?"

Lavonne alifuta mikono kwenye aproni, taratibu mno. "Kaa kwanza. Nikutengenezee, unywe, halafu nitakwambia."

"Nimeuliza nani."

"Na mimi nimesema unywe kwanza. Nimeahidi."

"Umemwahidi Delmar?"

Mafuta yalikuwa yanachemka kwenye sufuria.

"Ndiyo au hapana, Lavonne."

"Ndiyo. Lakini sikiliza..."

"Basi imekwisha! Kiti changu kimeshapata mwenyewe, na kinywaji chake kinamsubiri!"

"Verlyn, unajisikia unachosema?"

"Nilikuomba nikuoe. Wiki mbili unaniambia, ngoja Ijumaa nitakujibu, ngoja Ijumaa. Leo ndiyo Ijumaa. Nimejibiwa na pikapu!"

"Mungu wangu, mtu mzima huyu."

"Alikaa muda gani?"

"Saa nzima."

"Saa nzima mnakunywa!"

"Tulikuwa tunaongea."

"Mnaongea nini?"

"Tulikuwa tunakuongelea wewe, mjinga wewe!"

"Ahaa. Mnanicheka."

"Hakuna aliyekucheka. Kaa chini nikutengenezee hicho kitu, yote utayajua."

"Ninywe alichobakiza nyapara? Kiwandani nilikula mabaki yao miaka thelathini na moja, inatosha." Akaona haijamchoma vya kutosha, akaongeza: "Darlene hakuwahi kumkaribisha mwanaume jikoni mwangu nikiwa sipo. Yule alikuwa mke."

Lavonne alizima jiko. Yeye na Darlene walikuwa wameosha vyombo pamoja katika jiko la kanisa miaka kumi na tano. Ndiye aliyemchana Darlene nywele mara ya mwisho.

"Chukua aiskrimu yako," alisema kwa sauti ya chini. "Toka kwa mlango ulioingilia."

Jumamosi, Verlyn aliamka na simu mkononi. Aliandika kwa kidole kimoja, herufi kubwa tupu, kwa sababu hakujua namna ya kuzipunguza.

"MPE YEYE ASHIBE."

Lavonne akajibu: "Kunywa maji, ulale."

"ALIKAA KITI CHANGU?"

"Alikaa cha dirishani."

"KWA NINI DIRISHANI? ALIKUWA ANATAZAMA NANI ANAKUJA?"

Hapo Lavonne hakujibu tena.

Usiku theluji mpya ilikuwa imeanguka. Verlyn alipita mbele ya nyumba ya Lavonne mara nne asubuhi hiyo, polepole, akitafuta alama za matairi uani. Hakukuwa na alama hata moja. Badala ya kumtuliza, hilo likamkereketa zaidi. Labda Delmar ameegesha nyuma ya ghala. Labda amekuja kwa miguu, shetani yule, ana miguu mirefu. Mara ya nne Lavonne alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha kahawa, anamtazama. Hakumpungia wala hakufunga pazia. Verlyn aliongeza mwendo karibu aparamie sanduku la barua.

Saa sita mchana uvumilivu ukamwishia. Akampigia Delmar.

"Haloo?"

"Kubiak hapa."

Upande wa pili kulikuwa na pumzi ndefu. "Umekunywa?"

"Sinywi mchana. Usinitukane."

"Namaanisha Lavonne alikutengenezea jana?"

"Yanakuhusu nini? Ulikuwa unafanya nini kwa mwanamke wangu?"

"Kumbe hujanywa," Delmar alisema, na sauti yake ikaanguka kama mtu aliyeambiwa gari lake haliwaki. "Ndiyo maana unanguruma. Kubiak, kile kiglasi ni chako."

"Changu vipi?"

"Kilikuwa mbele ya kiti cha nani?"

Verlyn alikikumbuka kiti chake, kile cha karibu na jiko.

"Mimi ndiye niliyekinunua. Nilipeleka chupa ya brandi, ile nzuri. Nikamwomba akutengenezee, na asitaje jina langu mpaka umalize glasi. Nilijua ukisikia ni mimi utaimwaga."

"Ningeimwaga."

"Na ningekununulia baa?"

"Ningekumwagia wewe."

"Unaona sasa. Ningekwenda wapi?"

"Glasi zilikuwa mbili, Delmar. Usinizunguke. Mbili na vijiko viwili."

"Moja yake, moja yangu. Yangu soda na aiskrimu tu. Brandi niliacha miaka miwili iliyopita. Nilikuwa nalia, Kubiak, sasa umefurahi? Mwanaume wa miaka sitini na sita analia jikoni kwa watu, mama wa watu angefanya nini? Alinipa kitu kitamu kama mtoto."

Verlyn alivuta kiti akakaa. Alitamani kukata simu, lakini mkono haukutii.

"Ulikuwa unalilia nini?"

"Ile orodha ya kuachishwa kazi. Siku ile walinipigia kutoka Chicago asubuhi. Majina arobaini, kabla ya saa nane mchana. La kwako nililiandika mimi. Hawakulitaja wao. Wao hawakujui hata kama upo."

"Ulijua Darlene amelazwa."

"Nilijua."

"Ulijua bima yake ya matibabu ilitegemea kazi yangu."

"Nilijua, Kubiak."

"Ungeliruka."

"Niandike la nani? La Wally mwenye watoto wanne?"

"Ungeandika la kwako!"

Mbwa wa Delmar alibweka mbali.

"Ndiyo," Delmar alisema. "Ningeandika la kwangu. Hilo ndilo nililokwenda kumwambia Lavonne kwa sababu wewe nakuogopa."

Verlyn alikata simu bila kuaga. Siku nzima alikaa na hasira, ila haikujua tena ikae wapi. Wenye kiwanda walikuwa mbali, Delmar alikuwa analia, na mwanamke pekee aliyekuwa akimpikia samaki alikuwa ametukanwa jikoni mwake mwenyewe. Na bado, aibu kusema, kidudu kilikuwa kinamla. Saa nzima. Analia mbele yake. Alimshika bega? Lazima alimshika bega. Lavonne hawezi kuona mtu analia asimshike bega.

Jumapili baada ya kanisa, ambako Lavonne alikaa upande wa pili na hakugeuka, Verlyn aliandika:

"NIMEONGEA NA DELMAR. MIMI NI NG'OMBE."

Jibu lilikuja baada ya dakika ishirini. "Ng'ombe ana faida. Usimtukane."

"NISAMEHE."

Simu ikaita.

"Una ile aiskrimu?" Lavonne aliuliza, bila salamu.

"Ipo. Sikuifungua."

"Soda ya mizizi?"

"Chupa mbili."

"Brandi ya nyapara ninayo mimi. Ya kwako ipo?"

"Ipo ya Krismasi."

"Basi leo utatengeneza wewe. Miezi minane umekaa kwangu kama mfalme wa karata, hata kijiko hujawahi kuosha. Toa glasi ndefu mbili, zitumbukize kwenye theluji hapo nje dirishani."

"Theluji?"

"Zipoe, mzee. Glasi ya moto inakuyeyushia aiskrimu kabla hujakaa. Niweke kwenye spika."

Verlyn akaiweka simu juu ya kibaniko cha mkate.

"Zimepoa. Sasa?"

"Brandi kwanza. Vidole viwili."

"Vidole vya nani, vyako au vyangu?"

"Vyangu, mlevi wewe. Halafu soda, inamisha glasi, imimine ubavuni, taratibu, nusu tu. Aiskrimu mwisho."

Lakini Verlyn alikuwa ameshatia mabonge matatu ya aiskrimu, na soda akaimimina kwa haraka kama anazima moto. Povu likapanda, likapita ukingo, likateremka mezani, likamfuata mpaka kwenye soksi.

"Mama yangu!"

"Umeweka aiskrimu kwanza."

"Sijaweka."

"Verlyn."

"Nimeweka."

Lavonne alicheka. Alijaribu kuzuia, lakini kicheko kilimponyoka puani, na Verlyn akasimama hapo na soksi imelowa, akikisikiliza kama mtu anayesikia redio ya nyumbani akiwa mbali.

"Mwaga, anza upya," alisema Lavonne. "Huu si uhandisi. Kiburi tu ndicho kinakushinda."

Mara ya pili alifuata kama alivyoambiwa. Brandi. Soda ubavuni. Bonge moja la aiskrimu, likazama kidogo, likaibuka, likatulia juu. Akalitazama kwa heshima.

"Inaelea!"

"Inaelea. Una cheri zile za kwenye brandi?"

"Darlene aliacha kopo moja. Sijawahi..." Akasita.

"Fungua," Lavonne alisema kwa upole. "Alizitengeneza ziliwe. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyetoa kokwa."

Alifungua. Harufu ilimpiga ikabidi ageukie ukutani kidogo. Kisha akauliza, kwa sababu hakuweza kujizuia:

"Delmar ulimwekea cheri?"

Akajitetea haraka:

"Nauliza tu."

"Moja, Verlyn. Cheri moja. Unataka nikurudishie?"

"Na bega ulimshika?"

"Yote mawili. Na nikamfuta kamasi. Nakuja sasa hivi, na nikikuta hiyo aiskrimu imeyeyuka narudi."

Alifika kwa dakika sita, buti mkononi, amevua nje kwenye baraza bila kuambiwa. Alikaa, akachukua kijiko, akaonja. Verlyn alimtazama mdomo kama mtuhumiwa anavyomtazama hakimu.

"Brandi nyingi," alisema.

"Vidole viwili."

"Vya kwako." Akaonja tena. "Lakini inalika."

Walikula. Nje gari la kusomba theluji la kaunti lilipita kwa kishindo, siku mbili baada ya kuhitajika, na Verlyn akafungua mdomo awatukane wale wa barabara, kisha akaufunga. Kulikuwa na jambo kubwa zaidi.

"Lavonne, lile neno nililosema la Darlene..."

"Liliniuma."

"Najua."

"Hujui. Mimi sishindani na Darlene. Nilimpenda. Ukimtumia tena kama fimbo ya kunichapia, sitarudi, hata ukijifunza kutengeneza mia."

"Sitarudia."

"Haya. Basi jibu langu lilikuwa tayari tangu Ijumaa, kabla hujaingia na buti zako." Aliweka kijiko chini. "Ndiyo. Nitaolewa na wewe."

Verlyn alitaka kusimama, akagonga goti kwenye meza, akakaa tena. "Kweli?"

"Kweli. Mwezi wa tano, theluji ikiisha. Kanisa letu, chakula chini ukumbini, na mimi sipiki siku hiyo." Akamshika mkono uliokuwa bado unanata soda. "Ila nikuulize kitu kimoja, na usinijibu haraka, maana ukijibu haraka unaongopa."

"Uliza."

"Nitamwalika Delmar."

Mkono wa Verlyn ulitulia ndani ya mkono wake.

"Si kwa sababu ya wivu wako, wala si kukukomoa. Yule mtu anaoza kwa aibu, na wale wa Chicago hawatakuja kukuomba radhi hata siku moja. Ni yeye tu anayeweza. Kwa hiyo atakuja. Tutasimama mlangoni, mimi na wewe, watu wanapita kutupongeza mmoja mmoja. Atafika mbele yangu, nitamkumbatia, na wewe utakuwa unaangalia. Kisha atasogea kwako, na atanyoosha mkono, mbele ya mji mzima."

Verlyn alimtazama. Akatazama glasi yake. Alifungua mdomo, na Lavonne akainua kidole, kumkumbusha asiharakishe.

"Utaupokea, Verlyn?"